YAH: Malalamiko juu ya mashine yenu kusoma 08:00 kuwa "saa nane"

Hombolo,
Dodoma.
4 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Huduma ya Kusomewa Barua Pepe kwa Simu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu tangu Oktoba mwaka jana. Nina presha ya macho. La kushoto limeshazima, la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Simu yangu ni kitochi. Nilipolisikia tangazo lenu redioni, kwamba ukipiga namba yenu na kubonyeza namba ya siri mashine inakusomea barua pepe zako kwa Kiswahili, nilijiunga siku ile ile, maana mjukuu aliyekuwa akinisomea yuko bweni. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa zabibu, na mnunuzi wetu hapokei maelezo ya mdomo. Kila kitu anataka kiandikwe, ati pawe na ushahidi.

Jumatano tarehe 26 Februari jioni nilipiga. Mashine ikanisomea kwamba lori litafika kesho yake kwenye kituo chetu cha kukusanyia, "saa nane", na kwamba dereva hatasubiri zaidi ya nusu saa. Nikarudia kusikiliza mara mbili. Saa nane. Nikawatangazia wanachama: tunaingia shambani alfajiri, tunakata mpaka saa sita, saa saba kreti ziwe barabarani.

Ndivyo ilivyokuwa. Alhamisi saa saba na robo tulishusha kreti 38 kutoka kwenye trekta. Mama anayeuza chapati pale kituoni akatutazama, akauliza, "Hizo mnampelekea nani? Lori lenu lilikuja asubuhi, likapiga honi weee, likaondoka." Alama za matairi bado zilikuwa mbichi kwenye vumbi. Nilimpigia mnunuzi. Akasema aliandika wazi kabisa, na dereva alifika kwa muda ulioandikwa.

Wanaoishi mjini huenda hawajui zabibu iliyokatwa inavyokuwa ikikaa juani. Haina subira hata kidogo. Kufikia saa kumi vichala vya chini ya kreti vilikuwa vimepasuka, maji yanachuruzika, na nyuki walifika kabla ya mnunuzi mwingine yeyote. Kesho yake zilizosalimika tukazipeleka Soko la Majengo, tukauza kwa bei ya kutupa. Hii ni zabibu ya mvinyo, mtu wa sokoni anataka ya kula. Msimu mwingine ni Agosti na Septemba, sasa sijui mpaka huko tutaishi kwa nini.

Mpwa wangu anayesoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma alipokuja Jumamosi nilimpa aifungue ile barua. Iliandikwa 08:00. Nane kamili ya wazungu, yaani saa mbili asubuhi kwa kila Mtanzania aliyewahi kuvaa saa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Binti akaniamkia vizuri, "Shikamoo baba," nami nikaitikia. Nikamweleza. Akasema, "Baba, mfumo umesoma kilichoandikwa." Nikamuuliza, nane ya wapi, mwanangu? Wewe ukiona 08:00 kwenye tiketi ya treni ya kwenda Dar utafika stesheni mchana? Akacheka, akasema atalifikisha. Mpaka leo sijajibiwa.

Kwa maelezo ya mpwa wangu, sauti yenyewe haina kosa. Kabla ya kutoa sauti, programu inageuza kwanza tarakimu na alama ziwe maneno, na hapo ndipo kazi imefanywa nusu. Imefundishwa kwamba 8 ni "nane", lakini haikufundishwa kwamba saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kwenye 08:00 unatoa sita, kwenye 03:00 unaongeza sita, halafu unasema kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hilo mtoto wa shule ya msingi analijua. Mashine ya kusoma Kiswahili isiyojua saa ya Kiswahili mliijaribu kwa nani kabla ya kuiuza?

Mengine nayapitia tu. "Ng'ombe" inaisoma "ngi, ombe". "Tsh" inasema "tishi". Lile onyo la "ujumbe huu ni wa siri" lililo chini ya barua za mnunuzi inalisoma lote, na kama barua imejibiwa mara tatu inalisoma mara tatu, huku mnanitoza kwa dakika. Kitufe cha kuruka hakuna.

Sitaki kuwabebesha hasara yote. Ningeweza kumpigia dereva kuhakikisha, sikumpigia, na hilo nimewaambia wanachama bila kuficha. Lakini nusu ni yenu. Naomba mnirudishie makato yote ya Februari, mtusaidie kufidia kreti 38 kwa kiasi tutakachokubaliana tukiwa tumekaa pamoja, na mrekebishe usomaji wa saa. Nawapa siku 14. Zikipita kimya nitalipeleka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, na ofisi yao ya Kanda ya Kati ipo hapa hapa Dodoma mjini, sihitaji hata kupanda basi la mbali.

Na kama marekebisho yatachukua muda, basi kwa sasa iachieni mashine isome "sifuri nane, sifuri sifuri". Kutoa sita nitatoa mwenyewe.

Barua hii ameiandika mpwa wangu, mimi nikimtajia.

Ni mimi mteja wenu,
Katibu wa Kikundi cha Wakulima wa Zabibu

Nakala: Mwenyekiti wa kikundi. Tafadhali wasomee wanachama, hasa wale wanaosema nililala.