Swali la Njiani: Barua kutoka Barstow

Barstow, California
28 Septemba

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama watoto na wote waliomo nyumbani. Sisi huku ni wazima, hofu ni kwenu mlio mbali nasi. Barua yako niliipokea siku mbili kabla ya kuanza safari, na swali lako nililichukua garini kama mtu aliyekabidhiwa amana. Uliniuliza, baada ya miaka kumi na mmoja ya kuishi huku, Wamarekani ni watu wa namna gani hasa. Kila nilipokaa kukujibu kalamu ilikuwa nzito, kwa sababu ninaowajua ni wenzangu wa kazini na majirani wa mtaa mmoja, na taifa la watu zaidi ya milioni 330 halijulikani kwa mtaa mmoja. Sasa nimelivuka karibu lote kwa magurudumu, na nadhani ninalo jambo la kukuambia.

Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu, ambaye amepata kazi California na hakutaka kuliuza gari lake. Barabara Kuu ya 40 huanzia Wilmington, North Carolina, mji wetu wa bandari karibu na Bahari ya Atlantiki, na huishia hapa Barstow, ndani ya jangwa la Mojave, mwendo wa kilomita zipatazo 4,100. Tuliumaliza kwa siku sita. Rais Eisenhower, aliyetia saini sheria ya barabara hizi kuu za kuunganisha majimbo mwaka 1956, aliwahi akiwa afisa kijana kusafiri na msafara wa malori ya jeshi wa mwaka 1919 uliotumia siku 62 kutoka Washington hadi San Francisco, na nadhani tope la safari ile halikumtoka moyoni.

Siku ya tatu, tulipokuwa kati ya Memphis na Little Rock, tairi la nyuma lilipata pancha. Arkansas ndilo jimbo linaloongoza kwa mpunga nchini humu, na mashamba yalikuwa yamepiga rangi ya dhahabu kulia na kushoto, kama bonde la Mombo wakati wa mavuno, ila bonde hili halikuonyesha mwisho. Nati za gurudumu zilikuwa zimekaza na spana yetu ikawa inateleza. Hatujajua la kufanya, pikapu moja ikasimama nyuma yetu, akashuka mzee wa Kizungu mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Alitazama nati, akarudi kwenye gari lake, akaja na kipande kirefu cha bomba la chuma, akakichomeka kwenye mpini wa spana, kisha akakikanyaga kwa uzito wake wote. Nati zikalia na kuachia, moja baada ya nyingine. Alipiga magoti kwenye changarawe na kufunga tairi la akiba mwenyewe, akimzuia mpwa wangu kwa mkono kila alipotaka kumpokea. Alipokuwa akijifuta mikono ndipo alipouliza, "Mnaelekea wapi?" Tulipotaja California uso wake ulichangamka, akatuonya tusiingie Oklahoma City saa za watu kutoka kazini, akatupa chupa mbili za maji baridi, akaondoka. Hakutuuliza majina wala kwetu ni wapi, na wala hakungoja shukrani.

Swali hilo nilikuwa nimelisikia miaka yote bila kulisikiliza. Tangu siku ile nililisikia kwa mwuza mafuta, kwa mhudumu wa mgahawa aliyetuletea kahawa, na kwa mama aliyetupa ufunguo wa chumba cha moteli: mnaelekea wapi? Wewe na mimi tumekulia Ngamiani, Tanga, ambako mtoto hapiti vibaraza viwili kabla hajaulizwa, "Wewe mwana wa nani?" na akishajibu, wazee wanajua wamsalimie vipi, wamkanye kwa kiasi gani, na akianguka wamchukue nyumba gani. Huku mtu hutambuliwa kwa aendako. Wengi wao ni wajukuu wa watu walioacha kwao kwa njaa, kwa vita au kwa aibu, na wengine walibadilisha hata majina, kwa hiyo kutomchimba mwenzako alikotoka kumegeuka kuwa adabu. Ni adabu ya kweli, nami nimekula matunda yake. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa humpa jembe siku ya kwanza, na akilishika vizuri hawamwiti tena mgeni. Mpwa wangu ameajiriwa na watu ambao hawakujali baba yake ni nani, ilhali unajua jinsi alivyohangaika nyumbani akiulizwa kila ofisi anamjua nani.

Gharama yake nimeiona pia, na imeniuma. Jirani yangu wa miaka sita, mtu tuliyeazimana ngazi na kuulizana hali kila asubuhi, alihama Jumamosi moja kwa lori la kukodi. Alinipa mpira wake wa kumwagilia bustani, akanipungia mkono, na tangu siku hiyo sijapata habari zake. Hakuwa na kinyongo nami hata kidogo. Kwake urafiki wetu ulikuwa wa mahali pale, na mahali pakibadilika hakuna wa kulaumiwa. Nilikaa kibarazani jioni ile kama mtu aliyefiwa, nikaona haya kumweleza yeyote sababu.

Hata hivyo, sahibu, nisikuandikie upande mmoja, kwa sababu wapo watu ambao nchi hii haikuwauliza waendako. Barabara tuliyopita inakata Nashville upande wa kaskazini, katikati ya mitaa ya watu weusi iliyozunguka Jefferson Street, ambako palikuwa na maduka yao, kumbi zao za muziki na vyuo vyao. Mwaka 1967 wakazi walikwenda mahakamani kuizuia, wakashindwa, na mamia ya nyumba yakabomolewa. Mwendo wa saa tatu kutoka hapo, mjini Memphis, barabara hiyohiyo ilikusudiwa kupita ndani ya bustani kubwa ya Overton. Watetezi wa bustani nao walishtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, na mwaka 1971 wakashinda. Ndiyo maana hadi leo barabara inafika Memphis na kupinda kaskazini kuuzunguka mji. Najua sheria zilizobishaniwa hazikuwa zilezile, lakini nilipouona mpindo ule kwa macho yangu, baada ya kuvuka ile mitaa ya Nashville kwa dakika chache tu, nilimwomba mpwa wangu asimamishe gari kwenye kituo kilichofuata. Miti ilipata wa kuisikiliza. Mabibi wa Jefferson Street hawakumpata, na barabara iliyojisifu kuwa haimwulizi mtu ni wa nani ilijua vizuri sana nyumba zile ni za nani.

Kuna jambo jingine ambalo ramani ilinionyesha nikashindwa kula chakula cha usiku. Siku ya pili asubuhi tulitoka katika milima ya magharibi ya North Carolina, iliyokuwa nchi ya Wacherokee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili, na siku ya tatu jioni tukaingia Oklahoma, ambako serikali iliwahamishia kwa nguvu mwaka 1838 na 1839. Watu wapatao 16,000 walisukumwa njiani, na inakadiriwa 4,000 kati yao walikufa kwa baridi, maradhi na njaa. Sisi tulikwenda upande uleule kwa siku mbili, tukiwa na kipoza hewa na karanga mapajani. Tangu hapo, kila aliponisalimia mtu kwa lile swali la ukarimu, nilijibu kwa heshima na nikawakumbuka hao.

Huko Texas, magharibi ya Amarillo, tulisimama kwenye kituo cha malori, nami nikasikia nyuma yangu mtu akizungumza kwenye simu kwa Kiswahili cha Kivu. Alikuwa dereva wa lori la magurudumu 18, mzaliwa wa Uvira, na tulipokumbatiana kama ndugu aliniambia alikuwa hajalala kitandani kwake kwa wiki tatu. Nilimsimulia haya ninayokuandikia. Akacheka kwa uchovu, akasema, "Kaka, apa habaulizake mutu anatoka wapi. Banauliza tu muzigo itafika saa ngapi." Lakini alipokuwa akipanda lori alinionyesha picha ya nyumba aliyowanunulia watoto wake Amarillo, akaishika simu ile kwa mikono miwili muda mrefu.

Nimekuwekea la mwisho siku ya tano. Tulilala Gallup, New Mexico, mpakani mwa nchi ya Wanavajo, kabila jingine la wenyeji wa asili, ambao wenyewe hujiita Diné. Hao nao walitembezwa kwa miguu zaidi ya kilomita 400 mwaka 1864 hadi kizuizini Bosque Redondo, lakini kwa mkataba wa mwaka 1868 wakarudi kwao, na mpaka leo wako palepale. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa ametandika kitambaa cheusi juu ya meza, na juu yake hereni za fedha na feruzi. Nilichagua jozi moja. Aliizungusha kwenye karatasi laini polepole, kisha akaniambia yeye ni wa ukoo gani kwa mama, wa ukoo gani kwa baba, na koo za babu zake wawili, ndivyo wanavyojitambulisha, halafu akanitazama na kuuliza zangu ni zipi.

Sahibu, sikuwa nimeulizwa swali hilo kwa miaka kumi na mmoja. Nilimwambia mama yangu ni Mdigo, na kwamba Wadigo tangu kale wamehesabu ukoo upande wa mama kama wao, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemtajia mtaa anaoujua. Nilimtajia fuko la mama, kama Wadigo wanavyouita ukoo, nikautaja ukoo wa baba na wa babu mzaa baba. Nilipofika kwa babu mzaa mama ulimi ulikwama. Yule mama alingoja. Hakunisaidia wala hakunicheka, na mimi nilisimama juani nikilitafuta jina nililokuwa nikilitamka kila Idi nikiwa mtoto, nisilipate.

Hereni ni za mama, nitazituma na mtu anayekuja Desemba. Ukipita nyumbani kabla ya hapo, tafadhali muulize fuko la baba yake lilikuwa lipi, ulisikilize vizuri, uniandikie.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.