Rimoti moja kwa vyote? Ulizeni kwanza

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Mimi wa Uyole, sebuleni nina tivii, king'amuzi, deki na sabufa, rimoti nne mezani watoto wanazigombania, basi nikashuka Mwanjelwa nikanunua ile rimoti moja ya kuendesha vyote, muuzaji kaniapia kabisa. Tivii ikakubali, sabufa ikagoma, kodi yake, yaani zile namba za kuitambulisha kwa rimoti, haimo kwenye kile kikaratasi kilichokuja nayo! Wenzangu, chukueni ile inayojifunza, unaielekezea rimoti ya zamani unabonyeza kitufe inanakili mawimbi yake ya mwanga usioonekana (kwa hiyo ya zamani msitupe), ila kama kifaa chako kinatumia bluutuuthi hiyo ya mwanga haikusaidii kitu. Yangu sasa anachezea mjukuu.

Msomaji wenu, Uyole, Mbeya