Katiba imesema "mtu", haikusema "raia"

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili maana limenikaa rohoni tangu wikendi. Kwa ploti yetu hapa Kayole kuna fundi wa nguo, Mkongomani wa Bukavu, kadi ya mkimbizi anayo na watoto wake wanasoma na wangu. Ijumaa jioni alitoka kununua zipu, akakutana na makarau wawili wakamuuliza unaenda wapi, akajibu "naendaka tu kwa soko". Hiyo "naendaka" ndiyo ilimuuza. Kiswahili ni chake tangu azaliwe lakini si cha hapa, basi wakamwambia toa kitambulisho, akatoa fotokopi ya kadi kwa sababu ile yenyewe anaiweka nyumbani isipotee, wakasema fotokopi si kitu, twende.

Ijumaa tumeizoea huku mtaani. Ukishikwa Jumatatu asubuhi, Jumanne uko kortini, lakini ukishikwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni zile saa 24 ambazo Katiba inataka uwe umefikishwa kortini zinaisha Jumamosi na korti imefungwa, kwa hivyo unangoja mpaka Jumatatu, na hapo hakuna sheria imevunjwa maana ibara ya 49 yenyewe inaruhusu. Ndio maana wikendi watu wanachanga haraka haraka. Mke wake aliambiwa alete elfu tano yaishe, hakuna risiti hakuna nini.

Usiku huo tukaenda naye kituoni. Askari wa kaunta akaniambia mzee, huyu ni mgeni, mambo ya haki ni ya Wakenya. Nikamwambia afande, ibara ya 49 inasema mtu aliyekamatwa, raia wanatajwa kwingine, kwa kura na paspoti. Huyu anafaa aambiwe kwa lugha anayoelewa ameshikwa kwa nini, anyamaze akitaka, aongee na loya, na apewe bondi, yaani atoke kwa dhamana akingoja kesi, kama hakuna sababu nzito ya kumnyima. Mimi sijasomea sheria, nauza misumari na rangi, haya nimeyajua baada ya kuchoka kuchanga.

Wala si Katiba iliyomshtua. Alishtuka nilipoomba namba ya OB, kile kitabu cha kituo ambacho kila anayeshikwa anafaa kuandikwa. Akaangalia kitabu, akaangalia mwenzake, akafunga kitabu. Jamani mtu yuko ndani ya seli masaa manne na kwa kitabu hayupo! Sasa akipelekwa mpakani usiku huo huo mimi nitamdai nani? Ndio kazi ya ile amri inaitwa habeas corpus, korti inaambia serikali mleteni huyo mtu tumwone, na ibara ya 25 inasema haki hiyo haipunguzwi hata kidogo.

Sheria si kwamba hatuna. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza mtu kurudishwa kule alikokimbia kuuawa. Julai 2013 marehemu Jaji David Majanja alifuta agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini, na mwaka haukuisha, Aprili 2014 Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, ikafagiliwa na polisi, maelfu ya watu wakashikwa, wengi wakarundikwa Kasarani, uwanja wa mpira ukatangazwa kuwa kituo cha polisi, na wengine wakapandishwa ndege mpaka Mogadishu. Kuna walioshikwa na vitambulisho vya Kenya mfukoni, kosa lao ni kufanana na Wasomali wa ng'ambo ya mpaka. Mimi wakati huo nilinyamaza, nilijiambia hayo ni ya Eastleigh.

Fundi waliachilia Jumapili mchana mke wake alipoleta ile kadi yenyewe mara ya pili, Ijumaa aliileta hawakutaka hata kuitazama. Hakuna kesi, hakuna pole, simu ilirudi bila kava. Na bibi harusi aliyekuwa anangoja zipu alishaolewa Jumamosi na gauni la kuazima, lake bado linaning'inia pale dukani mgongo wazi.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Hebu chapisheni ibara ya 49 yote kwa Kiswahili, ukurasa mzima, herufi kubwa mtu asome bila miwani. Nitaikata niibandike juu ya cherehani ya fundi, na nakala nyingine nitaipeleka pale kaunta.

Jirani wa fundi,
Kayole, Nairobi