Mofini ichomwe kabla kamera haijatolewa tumboni

Mhariri,

Wengi wenye jamaa anayefanyiwa upasuaji wa matundu madogo wa uzazi, tuseme kutoa uvimbe wa ovari, huambiwa kidonda ni kidogo. Kisha mgonjwa anazinduka analia. Wengine hukataa mapema asichomwe mofini, dawa kali ya maumivu ya ukoo mmoja na heroini, kwa jinsi unga huo ulivyowamaliza vijana wetu. Hofu hiyo tunaielewa, lakini dozi ya chumba cha upasuaji haimfanyi mtu teja. Cha kuchunga ni pumzi, maana mofini huzipunguza, na wakati wa kuchoma.

Fentanili, dawa nyingine ya maumivu ya ukoo huo huo, huchomwa mwanzo, mikrogramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, na nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja. Kazi ikivuta saa moja na nusu, mama huamka hana kinga. Mofini hukaa saa 3 hadi 4, ila hupanda polepole: hata ikichomwa kwenye mshipa hutaka kama dakika 20. Kwa hiyo ichomwe nusu saa kabla ya kumaliza, miligramu 5 hivi kwa mama wa kilo 50. Anayengoja mpaka mgonjwa apige kelele hujikuta anaongeza dozi juu ya dozi ambayo haijapanda bado, na zote mbili zikaja kukutana wodini, usiku, muuguzi yuko peke yake.

Parasetamoli gramu 1, diklofenaki (si kwa mwenye vidonda vya tumbo wala figo mbovu) na bupivakaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 0.25 kwenye kila tundu hupunguza mofini inayohitajika. Bega likiuma, usikimbilie mofini; haisaidii sana. Ni gesi ya kabonidioksidi iliyojazwa tumboni inayosumbua kiwambo (msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo), na mshipa wake wa fahamu unatoka shingoni pamoja na ile ya bega. Daktari aikamue gesi yote kabla ya kuchomoa mirija.

Kuhusu kutapika, sisi Wapemba tuna swali rahisi la kumuuliza mgonjwa: ukipanda boti kwenda Unguja, bahari hukuchafua? Akisema ndiyo, huyo ni mwepesi wa kutapika; apewe dawa za kuzuia kutapika: deksamethasoni miligramu 4 hadi 8 akishalala (akiwa macho humwasha vibaya sehemu za siri) na ondansetroni miligramu 4 mwishoni.

Wodini pumzi zihesabiwe dakika nzima, si robo dakika mara nne. Zikiwa chini ya 8 kwa dakika na mgonjwa haamshiki, mpe oksijeni, muite mtaalamu. Naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya mofini, ya mikrogramu 400 ichanganywe na maji ya chumvi ifike mililita 10, achomwe mililita 1 kila baada ya dakika 2 hadi 3 mpaka apumue vizuri. Asiachwe hapo: naloksoni huisha mwilini kabla ya mofini, na usingizi ule ule unaweza kumrudia.

Wahudumu wa dawa za usingizi,
Pemba