Dawa ameichukua, lakini hajainywa: neno “take” kwa mfanyakazi wako wa Bangladesh

Mwezi uliopita alitujia hapa Ruwi, mtaa wa Muscat, katika darasa letu la Kiingereza kwa wafanyakazi wa Bangladesh, mama mmoja mwenye mgahawa, mzaliwa wa Unguja aliyekaa Muscat miaka mingi. Mpishi wake alishikwa na homa, akampeleka zahanati, akapewa vidonge. Usiku akampigia simu: “Did you take the medicine?” Kijana akajibu, “Yes madam, I take.” Asubuhi homa imepanda. Alipombana, kijana akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa pakiti nzima, haijatobolewa hata kidonge kimoja.

“Mwalimu, huyu ananidanganya,” mama akasema.

Hakudanganya. Alijibu swali alilolisikia. Shuleni alifundishwa kuwa “take” ni neoya, yaani kuchukua, na dawa kweli aliichukua. Kwa Kibengali, lugha yake, dawa huliwa: oshudh khawa. Angeulizwa “Oshudh kheyechen?”, yaani umekula dawa, angesema palepale kwamba bado.

Kitenzi hiki khawa, kula, kina mzigo mkubwa. Wali huliwa, lakini na maji huliwa, chai huliwa, hata sigara huliwa. Ndiyo maana muuza karaki, chai ya maziwa, anakuuliza “Sir, you eat tea?” Moyoni mwake amekukaribisha kwa adabu zote: cha khaben, utakula chai?

Sisi Waswahili tusiwe wepesi wa kucheka, maana nasi tunakula mengi yasiyotafunwa. Tunakula kiapo, wao kosom khawa. Tunakula rushwa, wao ghush khawa. Mtu akiteleza akaanguka, kwetu kala mweleka, kwao achhar khawa, kitendo kilekile. Mwingereza hapo hali kitu. Yeye kiapo, rushwa na mweleka vyote husema “take”. Na dawa? Sisi tunainywa, hata ikiwa kidonge kikavu, Mbengali anaila, Mwingereza ana “take”. Kwa hiyo kosa la mpishi yule ni ndugu wa kosa la Mswahili anayesema “drink medicine”.

Nasi darasani tunaanzia hapohapo. Mwanafunzi akisema “eat water” hatumkatizi. Tunamwambia kwamba hata kwetu kula ni neno pana, kisha tunamwonyesha mipaka ya “eat” kwa vitu vilivyo mezani. Sahani ya wali na bakuli la supu lenye kijiko ni “eat”. Glasi ya maji ni “drink”. Sigara ni “smoke”. Dawa, ya maji au ya kidonge, ni “take”. Chai ya kumkaribishia mtu tunaipa “have”: “Will you have some tea?” Wengi wa wanafunzi wetu wanatoka Chattogram, mji wa Bangladesh, na katika nchi yao wanafunzi walipigwa risasi Dhaka tarehe 21 Februari 1952 wakidai Kibengali kitambuliwe kuwa lugha ya taifa. Mtu wa nchi hiyo hafundishwi Kiingereza kwa kuchekwa lugha ya mama yake.

Kwako mwajiri, ombi langu ni moja, na nalisisitiza kwa sababu hapa ni afya ya mtu: mfanyakazi akiugua, usiulize “Did you take?” Uliza “Did you swallow the tablet?” huku ukionyesha kwa mkono mdomoni. Kama ni kwa simu, mwambie akuhesabie vidonge vilivyobaki. Na maelezo ya “take three times a day” kwenye pakiti, yasomeni pamoja mkitaja saa: asubuhi, adhuhuri, usiku.

Somo la vitenzi hivi ni la mchana, saa nane hadi saa kumi kasorobo, wakati maduka mengi ya Ruwi yamefungwa, ili asikose kazi wala usingizi. Mwambie aje na pakiti yoyote ya dawa aliyonayo chumbani, hata iliyokwisha. Tutaisoma naye neno kwa neno.