Mbegu za mathenge sikutumii

Marigat, Baringo

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mama anakusalimu pia. Kuhusu zile mbegu za mathenge, ule mti wa miiba, ulizoniomba za kuotesha ua wa shamba lako huko Same, sikutumii. Usinune, nisikilize kwanza.

Ni kweli mathenge hauogopi ukame. Ndiyo maana uliletwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1980, asili yake ikiwa Amerika, ili uzuie mmomonyoko na watu wapate kuni. Tena sitadanganya: vumbi lilipungua, mkaa wake ni mzuri, na nyuki wanayapenda maua yake. Lakini njoo uone kijiji cha Ng'ambo, hapa Marigat. Palipokuwa malisho sasa ni kichaka cha miiba, na chini yake nyasi hazioti.

Wasambazaji wakubwa ni mbuzi wenyewe. Maganda ya mathenge ni matamu, wanayala, na mbegu zinatoka kwenye kinyesi zikiwa nzima, tayari kuota. Mafuriko yakija yanazisomba mbali zaidi. Halafu ile sukari inanata kwenye meno. Mfunue mdomo mbuzi aliyezoea kuyala: fizi zimevimba, meno ya mbele yanacheza au hayapo kabisa, na majani yanamdondoka akijaribu kutafuna. Mwaka 2006 watu wa huku walipoishtaki serikali kwa kuwaletea mti huu, walimpeleka mbuzi kibogoyo hadi mahakamani Nairobi awe ushahidi! Wengine walicheka. Mwenye mifugo hacheki. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Najua utasema ukikuchosha utaukata. Kata uone! Kisiki kinachipua machipukizi mengi kuliko mwanzo. Dawa ni kuchimba na kuung'oa na shina lake la chini ya ardhi, kazi ya jasho kweli, na mbegu zilizolala udongoni bado zinakungoja. Wewe una mbuzi, na majirani zako wana mbuzi. Huo ua hautakaa mpakani.

Panda minyaa. Ni ya Afrika hii hii, inavumilia jua, na mbuzi hawaigusi. Watoto tu wachunge utomvu usiwaingie machoni. Kwa kuni, otesha migunga ya kwenu, hata kama inachelewa kukua.

Nijibu upesi kama kuna mtu alishakupa miche ya mathenge. Ikiwa bado iko kwenye viriba, ing'oe yote uichome.

Wako,
Chebet