Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeandika kuhusu Mchungaji Martin Luther King

Mdogo wangu,

Shangazi ameniambia insha inatakiwa Ijumaa, na kwamba namba yangu umeifungia. Basi nakuandikia hapa, maana najua hukosi kupita.

Nianze na yaliyo mazuri. Ulichagua mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, Marekani, Weusi walipokataa kupanda mabasi yaliyowabagua, ukaiacha ile hotuba ya King ya 1963, "Nina ndoto", ambayo darasa zima litaiandika, na hapo ulitumia akili. Basi lenyewe ulilieleza vizuri: viti 10 vya mbele vya Wazungu hata vikikaa vitupu, 10 vya nyuma vya Weusi, na vya katikati ambavyo dereva aliviamulia atakavyo. Ukakumbuka hata kwamba Mweusi alilipa nauli mlango wa mbele, akashuka tena ili apandie nyuma, na mara nyingine basi likaondoka kabla hajaufikia mlango. Abiria yeyote wa Jogoo Road atauhisi uchungu huo bila kufafanuliwa.

Kwa Rosa Parks, yule ambaye kukamatwa kwake kuliwasha mgomo, rekebisha. Hakukaa katika viti vya Wazungu. Alikaa katikati, na dereva alitaka watu wanne wa safu ile wote wainuke ili Mzungu mmoja akae. Watatu wakainuka, yeye akakataa. Wala hakuwa bibi kizee aliyechoka miguu: alikuwa na umri wa miaka 42, na alikuwa amefanya kazi ya ukatibu katika tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kwa miaka mingi. Korti ilimtoza faini ya dola 10 na gharama za dola 4. Andika hivyo hivyo.

Sasa tuje ukurasa wa pili. Jo Ann Robinson ulikuwa umemwandika, kisha ukampiga mstari. Claudette Colvin, mstari. Georgia Gilmore, mstari. Nilipokuuliza pale mezani ukajibu mbele ya wote, "Hao walikuwa wasaidizi tu." Shangazi alikuwa ndiyo kwanza ametoka jikoni na sufuria mkononi. Uliuona uso wake? Mimi niliuona, na hadi leo haujanitoka.

Hebu tuwapime hao wasaidizi. Mnamo Mei 1954, Robinson alimwandikia meya wa Montgomery barua ya kumwonya kwamba Weusi wangeweza kuyasusia mabasi. Wakati huo King alikuwa bado hajaanza kazi rasmi katika kanisa lake la Dexter. Parks alipokamatwa tarehe 1 Desemba 1955, Robinson, mwalimu wa chuo, aliingia chuoni usiku ule ule pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili. Wakakata stensili, kila karatasi ikabeba nakala tatu za tangazo, wakazungusha mashine ya kurudufu, kisha wakakata na kufunga mafungu. Saa kumi alfajiri walikuwa na makumi ya maelfu ya vipeperushi. Ijumaa hiyo vikasambazwa shuleni, madukani na kwenye saluni. Jumatatu mabasi yakatembea karibu matupu. King alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha kuuongoza mgomo mchana wa Jumatatu hiyo, mabasi yakiwa yameshasusiwa tangu alfajiri.

Halafu kuna suala la usafiri, ambalo wewe umelipa sentensi moja: "Watu walitembea kwa miguu." Ni kweli wengi walitembea, lakini mfanyakazi wa ndani anayeamka usiku kwenda kupika upande wa pili wa mji hatembei mwaka mzima. Mwanzoni teksi za Weusi ziliwabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Jiji likafufua sheria ya nauli ya chini ya senti 45, na mpango ukafa. King akampigia simu mchungaji Jemison wa Baton Rouge, ambako watu walisusia mabasi mwaka 1953, amweleze jinsi walivyopanga magari ya watu binafsi. Kufikia katikati ya Desemba kulikuwa na vituo 48 vya kupakia asubuhi na 42 vya kurudishia watu jioni. Polisi wakawaandama madereva kwa makosa madogo madogo. King mwenyewe alikamatwa kwa kuendesha maili 30 kwa saa mahali pa 25. Kampuni za bima zikafuta bima za magari, hadi ikapatikana kupitia Lloyd's ya London. Hapo ndipo mgomo ungeweza kuvunjika, na wewe hapo ndipo unaruka.

Na petroli? Gilmore na wenzake walipika kuku, samaki na keki, wakauza, wakaleta fedha kwenye mikutano ya kanisani. Alifukuzwa kazi, akaendelea kupika nyumbani kwake. Sasa unaelewa kwa nini Shangazi alinyamaza.

Na kesi iliyomaliza ubaguzi kwenye mabasi yale haikuwa ya King wala ya Parks. Ni Browder v. Gayle, ya wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith, na huyo Colvin uliyemfuta, aliyekataa kuinuka tarehe 2 Machi 1955 akiwa na miaka 15. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana nao tarehe 13 Novemba 1956. Siku hiyo hiyo King alikuwa kortini Montgomery, jiji likiomba magari ya mgomo yapigwe marufuku.

Wanasema nilikuaibisha mbele ya wageni. Mimi niliuliza swali, tena kwa sauti ya kawaida. Mwalimu ana rundo la insha, ataweka tiki na kupita. Nisingeuliza mimi, angekuuliza nani? Unadhani nataka kumshusha King. Mtu wa miaka 27, mgeni mjini, anapigiwa bomu nyumbani tarehe 30 Januari 1956, mkewe na mtoto mchanga wakiwa ndani, anatoka barazani na kuusihi umati uliokuja na silaha urudi nyumbani. Miezi miwili baadaye anahukumiwa faini ya dola 500 kwa ajili ya mgomo. Nampenda kama unavyompenda. Ila mwenyekiti unampima kwa watu aliowashika pamoja kwa siku 381, na wewe watu hao umewaondoa.

Mwisho wako nao haufai. Umeandika kwamba Desemba 21, 1956, mgomo ulipokwisha, watu walipanda mabasi "kwa amani". Siku chache baadaye mabasi yalifyatuliwa risasi, na mwanamke mjamzito akapigwa miguuni. Januari 1957 makanisa na nyumba za wachungaji zikalipuliwa. Parks alikuwa ameshapoteza kazi ya ushonaji, akahamia Detroit mwaka huo. Robinson aliacha chuo mwaka 1960 kwa shinikizo.

Aya moja ya kuwarudisha wanawake hao itatosha. Nafasi ikikubana, punguza ule utangulizi mrefu wa utoto wa Atlanta, majina yabaki. Na unifungulie simu, nikusomee rasimu kabla ya Alhamisi usiku.